Unakaa Wapi, Maman Georgette?

Kufuli ilikuwa bado inaning'inia langoni, nene kama kwato la ng'ombe, na Georgette alikuwa bado amesimama mbele yake na godoro kichwani. Juma zima mlimwacha pale, wasomaji, na hakuna hata mmoja wenu aliyempelekea kiti.

Ndani ya lango, wifi yake Consolate alikuwa anatafuna karanga.

— Fungula, mulamu, alisema Georgette. Batu ya shirika bako nakuya.

— Bakuye tu. Bataona lango muzuri.

— Ulikubali! Ulikubali mbele ya ndugu yako!

— Nilikubali museme munakaa hapa. Sikusema mukae.

Aliyekosa gazeti la juma lililopita apate haya upesi. Georgette na mumewe Philémon wanakaa juu kabisa, Kadutu, kule ambako nyumba zimeshikana mabega ili mvua isiziteremshe. Binti yao Charlène, mwenye miaka kumi, amesoma huko katika darasa la watoto wengi hivi kwamba mwalimu akianza kuita majina asubuhi, wa mwisho anaitika saa ya kurudi nyumbani. Huku chini, upande wa ziwa, kuna shule inayoitwa Nuru ya Ziwa. Nayo ni ya serikali, nayo ni ya bure, ila kila mtoto ana mahali pa kukaa na kila mwalimu ana chaki. Mji mzima unataka kuingia. Ndiyo maana direktrisi Lydie, mkuu wa shule, ameweka sheria: anayesoma hapa, akae hapa. Na yeye haamini karatasi, kwa sababu karatasi Bukavu inazaa kuliko sungura. Anaamini neno la prezida wa shirika, ile jumuiya ya Wakatoliki majirani ambayo kila Alhamisi husali nyumbani kwa mmoja wao.

Georgette alisema anakaa katika annexe, ile nyumba ndogo ya uani kwa Consolate, dada mkubwa wa mumewe. Vizuri sana, akajibu prezida, papa Akonkwa. Basi Alhamisi hii tunasali kwenu.

Na leo ndiyo Alhamisi.

— Nataka kitu moya, alisema Consolate akitema ganda la karanga. Moya tu.

— Kitu gani?

— Nitakuambia kisha sala. Sasa uape kwamba utanipa.

— Nitaapaje bila kujua?

— Basi bakia na godoro yako. Inakupendeza kabisa, inafanana na kofia.

Georgette aligeuka. Kule chini ya avenue, kofia nyeusi ya papa Akonkwa ilikuwa imekwisha kutokea, na nyuma yake akina mama na pagne zao za kitenge, wanapanda polepole, wanacheka. Alimtazama binti yake, aliyekuwa amekumbatia sufuria kama mtoto mchanga. Alimtazama mumewe. Philémon alikuwa amebeba kabati kichwani, mikono miwili juu, na juu ya kabati jogoo wao alikuwa amelala toka Kadutu bila kujua kwamba amehama.

— Naapa, alisema Georgette.

— Kwa nani?

— Kwa mama yangu, ule alilala kule Mwenga.

Kufuli ikalia: klak.

Sasa kimbieni nami. Walihamia ile annexe kwa muda ambao chai inapoa. Ilikuwa ghala ya makala, yale makaa ya kupikia. Georgette alitandika pagne juu ya makala, akalaza godoro juu yake, akaita kitanda. Philémon aligonga msumari ukutani, akatundika msalaba, mchanga ukamwangukia machoni. Charlène alipanga sufuria tatu mlangoni, ili nyumba ionekane inakula. Jogoo akaamka, akatazama huku, akatazama kule, akawika jioni ile kama kichaa. Hata yeye alijua kwamba hakai pale.

— Hodi humu ndani!

Papa Akonkwa aliingia pua mbele. Miaka yote ya kazi alikuwa mtu wa ushuru kule mpakani, na wanasema alikuwa ananusa lori la samaki wa chumvi akamwambia dereva jina la mke wa mvuvi. Alivuta hewa mara moja.

— Nyumba inanuka makala.

— Tunapika na makala, papa prezida, alisema Georgette.

— Chini ya kitanda?

— Juu ya baridi.

Akina mama walikohoa ndani ya vitambaa vyao. Akonkwa hakucheka. Alikaa, akaweka kofia gotini, akamwita mwenye nyumba.

— Papa Philémon, mbele ya sala, unionyeshe choo. Bwana wa nyumba njo anaonyesha mugeni choo.

Philémon hakuwa ameuliza choo kiko wapi. Nani anauliza choo cha uongo? Alitoka kifua mbele, akapita jiko la Consolate, akafungua mlango wa kwanza aliouona. Mbuzi wawili wakatoka. Akafungua wa pili, wa upande wa jirani. Ndani kulikuwa na mpangaji wa jirani amejipaka sabuni mwili mzima.

— Kwenda! We ni nani? Mwizi! Mwizi!

— Samahani, papa, mi nakaa hapa!

— Unakaa hapa wapi? Mu bafu yangu?

Georgette, aliyesikia yote kutoka annexe, aliruka mpaka mlangoni. Lakini Consolate aliwahi. Alitokea akifuta mikono, akampiga ndugu yake kofi la mgongo.

— Ule aliisha kunywa, papa Akonkwa! Kila Alhamisi ni vile. Akikunywa, hata mi dada yake ananiita tantine, eti shangazi. Choo ni hii.

Philémon, ambaye tangu kubatizwa hajaonja hata kasikisi, ile bia ya ndizi, aliinamisha kichwa kama mlevi. Akina mama wakamhurumia Georgette. Akonkwa akaenda chooni. Na Consolate, akipita karibu na sikio la wifi yake, akanong'ona:

— Moya. Nimekuokoa mara moya. Usisahau kiapo.

Sala ilianza. Ilikwenda vizuri, tena vizuri mno. Waliimba, walipiga makofi, Charlène alisoma somo kwa sauti safi bila kuruka hata neno. Mama mmoja alimwambia mwenzake: "Sikia ule mutoto. Njo wale wanafaa Nuru ya Ziwa." Georgette alisikia, na moyo wake ukakaa mahali pake kwa mara ya kwanza toka asubuhi. Alimwona Charlène ndani ya uniforme ya shule. Alimwona amekaa peke yake kwenye kiti chake. Alianza hata kuzoea yale makala.

Hapo ndipo mtu hujikwaa.

Wote mnajua desturi. Sala ikiisha, mwenye nyumba ndiye anaifunga. Anaita mtakatifu msimamizi wa shirika lao, na watu wanaitika kwa pamoja. Shirika la avenue ile ni la Mtakatifu Yosefu. Georgette alikuwa ameambiwa. Njia nzima kutoka Kadutu alikuwa anajirudia chini ya godoro: Yosefu, Yosefu, Yosefu.

— Maman Georgette, alisema Akonkwa, utufungie.

Georgette alifumba macho. Aliinua mikono. Na mdomo wake, ambao kwa miaka yote ya ndoa umefunga sala kule juu, ulifanya kazi yake bila kumwuliza ruhusa.

— Mwenye Heri Anuarite!

Hakuna aliyeitika.

Georgette alifungua jicho moja. Akina mama wote walikuwa wanamtazama. Mmoja alikuwa amebaki na mdomo wazi, ile "utuombee" imesimama katikati ya koo.

— Ulisema nani? aliuliza Akonkwa.

— Yosefu.

— Sikusikia Yosefu.

— Ee, papa prezida, aliingilia Consolate, nani hapende Anuarite? Ni dada yetu wa Congo hii!

— Namupenda mi pia. Lakini najua kule anasimamia, alisema Akonkwa akisimama na kuvaa kofia, na annexe ikawa ndogo. Juu kabisa Kadutu kuko shirika ya Anuarite. Nilisali kwao siku ya matanga ya mukwe wangu. Maman, mutu anaweza kusahau njia ya kwake. Choo ya kwake anaweza kusahau, kama bwana yako. Musimamizi yake hamusahau. Hata mu usingizi anamwita.

— Papa...

— Munadanganya mbele ya musalaba! Tena musalaba mwenyewe bado inayumba! Msumari bado moto! Kuko mutoto wa avenue hii, wa kuzaliwa hapa, anakosa nafasi kule masomoni juu ya batu kama nyinyi. Lundi, ile Jumatatu, mutoto yenu haingie. Mi mwenyewe nitamwambia direktrisi.

— Papa Akonkwa, mutoto hana kosa!

— Mutoto ana bazazi. Inatosha.

Alipiga hatua kuelekea mlango. Georgette alimshika mkono wa koti, Akonkwa akautoa mkono huo kama anatoa mdudu. Charlène alikuwa ameshika sufuria tena.

Ndipo Consolate alipocheka. Kicheko kidogo, cha puani.

— Papa prezida, sheria ya direktrisi inasemaje? Nani akae hapa?

— Mutoto anasoma.

— Inasema mama yake?

Akonkwa alisimama.

— Hapana, alisema baada ya kufikiri. Inasema mutoto.

— Basi. Hawa bawili ni baongo, sikatae. Banakaa kule juu na matope yabo. Lakini mutoto anakaa kwangu. Ni mutoto ya ndugu yangu, ni yangu. Analala mu nyumba yangu kubwa, anakula chakula yangu. Hawa balikuya kujionyesha tu, juu ya haya.

Georgette alimshika binti yake bega. Kama angesema hapana, shule imekwenda. Kama angesema ndiyo...

Kumbukeni, wasomaji: mabinti wa Consolate wote wameolewa, na mfanyakazi wake wa mwisho alitoroka kwa kuruka ukuta, akaacha viatu, akaacha hata kitambaa cha kichwa. Tangu siku hiyo Consolate anachota maji yeye mwenyewe, na mgongo wake unalalamika mpaka Nyangezi wanausikia.

Hicho ndicho kitu kimoja. Hicho ndicho Georgette alichokiapia.

— Kadogo, kuya hapa, Akonkwa alimwita Charlène. Uniangalie. Ulilala wapi jana?

Charlène alimtazama mama yake. Alitazama msalaba, uliokuwa umepinda. Halafu alitazama viatu vyeusi miguuni mwake, vipya, vya shule.

— Kwa tantine Consolate.

— Mu chumba gani?

— Ile ya nyuma ya jiko. Lakini sikulala muzuri, papa. Tantine anakoroma mpaka sahani zinalia mu kabati.

Annexe nzima ililipuka kicheko. Avenue yote inajua mkoromo wa Consolate; kuna mpangaji aliyehama kwa sababu yake, na wanasema ndege wa ziwani wakipita juu ya bati lile usiku wanazunguka. Charlène hakuwa ameusikia hata siku moja. Alisimuliwa na baba yake, kama hadithi ya kuchekesha. Lakini Akonkwa mwenyewe alijifuta jicho.

— Ule hasemi uongo, alisema. Lundi ataingia. Lakini usikie, Consolate: kila jioni nitapita hapa. Siku nitamukosa mutoto, ni siku yake ya mwisho kule.

Waliondoka wakicheka. Georgette peke yake hakucheka. Siku nyingi alikuwa anamfundisha mtoto kudanganya, na mtoto alikuwa amemshinda.

Lango lilipofungwa nyuma ya mgeni wa mwisho, Consolate alinyoosha mkono, akamshika Charlène bega.

— Bidon ya maji iko nyuma ya jiko. Ya njano.

— Achia mutoto yangu, alisema Georgette.

— Uliapa.

— Sikuapa mutoto!

— Uliapa kitu moya. Kitu ni hii. Kwa mama yako ule analala Mwenga, ama ulimudanganya yeye pia?

Georgette alimshika binti yake mkono wa kushoto. Consolate alishika wa kulia. Walivutana kimyakimya, wanapumua kama watu wanaoinua jiwe. Philémon alikuwa amesimama kati yao na jogoo kwapani.

— Sema kitu, Philémon! Sema kitu!

— Georgette... ni dada yangu mukubwa.

— Na mi ni nani? Mupita njia?

— Ekole ya kwa ziwa ni ya muzuri...

— Ekole ni ya muzuri! Unasikia ile sauti? Sahani za dada yako ziko na sauti kukupita!

— Toka mu parcelle yangu, alisema Consolate. Miaka yote nasema, Philémon, huyu bibi ulitoa wapi? Ulienda mu Mwenga kutafuta zahabu, ukarudi na hii mudomo.

— Hii mudomo iko na meno, mulamu. Lete hapa hiyo mukono uone.

— Maman, alisema Charlène.

Wote wawili waliacha kuvuta.

— Maman, wende. Mi nataka kusoma.

Hakulia. Kama angelia, Georgette angembeba mgongoni na kupanda naye mpaka Kadutu bila kugeuka. Lakini alisema kwa sauti ileile safi aliyosomea somo, na vidole vya Georgette vikafunguka kimoja kimoja.

Vitu vyao vilitupwa nje: kabati, sufuria, pagne nyeusi ya makala, msalaba na msumari wake. Mwisho godoro. Kisha lango. Kisha klak.

Philémon alijitwisha kabati. Jogoo alipanda juu yake bila kuombwa.

— Tupande, Georgette. Mvua inakuya.

— Panda we.

— Na we?

Georgette alitazama lango. Alitazama godoro. Na hapo, wasomaji, mbele ya macho ya avenue nzima, alilinyoosha lile godoro chini, mbele ya lango la Consolate, kutoka nguzo hata nguzo, akaketi katikati yake na kukunja miguu.

— Prezida amesema mutoto yangu anakaa hapa, alisema. Basi na mi nakaa hapa.

— Ni barabara hii!

— Ni adrese yangu. Wende.

Philémon alikwenda. Madirisha yalianza kufunguka. Watoto walikuja kutazama, halafu mama zao walikuja kuwaita, halafu nao wakabaki kutazama. Juu ya ukuta kikatokea kichwa cha Consolate, na baada ya kichwa, beseni.

— Ondoka hapa!

— Ondoka wapi? Niko kwetu.

Maji ya vyombo yalishuka yote, na mabaki ya sombe, yale majani ya muhogo, ndani yake. Georgette alitoa jani sikioni. Alisimama, akaligeuza godoro upande mkavu, akaketi tena.

— Aksanti, mulamu. Nilikuwa sijaoga.

Avenue ilipiga makofi. Consolate alitukana kwa Mashi, lugha ya kwao, akamaliza, akaanza tena kwa Kifaransa. Na nyuma ya lango, chini kabisa, mahali ambapo bati limetoboka, jicho moja la Charlène lilikuwa linatazama. Georgette aliliona. Alisogeza godoro karibu nalo, mgongo wake ukagusa bati, na upande wa pili wa bati akasikia mgongo mwingine, mdogo, unakaa.

Giza lilikuwa linaanza kuingia gari jeupe liliposimama. Taa zake ziliangaza godoro, majani ya sombe, na Georgette katikati kama malkia wa sokoni. Mlango ulifunguka. Viatu vya kisigino vikashuka, na juu yake direktrisi Lydie mwenyewe, uso umefungwa kama daftari la mitihani.

Watu walirudi nyuma hatua tatu.

— Maman Georgette, ni wewe?

— Ni miye, direktrisi.

— Nilikuwa mezani. Mutu alinipigia simu, akasema kuna familia hapa inanidanganya. Nimeendesha mwenyewe. Nitakuuliza mara moja, na sitarudia. Unakaa wapi?

Kwa majuma matatu Georgette alikuwa ameulizwa swali hilo, na kwa majuma matatu alikuwa amelijibu kwa jasho. Sasa alipiga godoro kwa kiganja, na matone yakaruka mpaka kwenye sketi ya direktrisi.

— Hapa, alisema.

Ilikuwa kweli. Kila mtu aliona kwamba ni kweli. Hata direktrisi alitazama lile godoro, akapangusa sketi yake.

— Nani alikupigia? aliuliza Georgette. Ule ng'ombe wa juu ya ukuta?

— Mi? alipiga kelele Consolate. Mi nikuuze, nani atachota maji yangu kesho?

— Si sauti ya mwanamuke, alisema direktrisi.

— Ni Akonkwa.

— Akonkwa nina namba yake. Huyu hakusema jina. Alilia tu, akasema: murudishe mutoto yangu nyumbani. Halafu akakata.

Mgongo mdogo nyuma ya bati uliacha kusogea.

Direktrisi alichukua simu yake, akatafuta namba ile kwa kidole, akabonyeza.

Simu ikalia palepale.

Haikulia nyuma ya ukuta. Ililia nyuma ya watu, na watu wakaachana katikati, mmoja huku, mwingine kule, mpaka njia ikafunguka. Mwishoni mwa njia alikuwa amesimama Philémon, ambaye alifika pembeni tu ya avenue na kushindwa kwenda mbali zaidi bila mkewe. Simu ilikuwa inalia ndani ya kabati. Jogoo aliiinamia, akaisikiliza, akawika.

— Philémon, alisema Georgette polepole, akisimama.

Na Philémon hakuweza kuizima. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu, imeshika kabati, kama ya mtu aliyekamatwa.